DVD ya Familia: Uchague DVDStyler, Nero, Windows DVD Maker, au Uchome Mafaili Kama Yalivyo?

Mama mkubwa wangu anaishi Korogwe. Ana TV ya chogo, deki aliyonunuliwa na mwanawe wa kwanza, na simu ya kitochi. Picha za wajukuu zinazozunguka kwenye WhatsApp ya ukoo hazimfikii. Zikija ndani ya DVD, anaiweka mwenyewe, anashika rimoti, anatazama mpaka usingizi unamchukua kwenye kochi.

Baada ya arobaini ya babu nilimchomea diski hapa Temeke, nikaipeleka stendi ikasafiri na basi. Jioni ile alitandika mikeka na kuita majirani. Deki ilizungusha diski, ikanguruma, ikaandika kwamba haisomi. Akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika mbele ya wageni. Kosa lilikuwa langu: Windows iliniuliza swali moja kabla ya kuchoma, nikajibu bila kulisoma. Nitalieleza swali hilo hapo chini, kwa sababu naamini limeharibu diski nyingi za familia.

Tangu siku hiyo sichagui programu kwa uzuri wa madoido yake. Naanza na atakayetazama, na chombo alichonacho sebuleni, ndipo narudi nyuma mpaka kwenye kompyuta yangu. Ulinganisho huu umepangwa kwa mtazamo huo.

Njia nne, na vigezo vya kuzipima

Nimechukua njia nne ambazo mtu wa Dar mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzifikia. Ya kwanza ni DVDStyler, programu huria ya bure. Ya pili ni Nero, ile ya kulipia, hasa sehemu yake inayoitwa Nero Video. Ya tatu ni Windows DVD Maker, iliyokuja ndani ya Windows Vista na Windows 7. Ya nne si programu ya DVD hasa: ni kuchoma picha na video zako kama mafaili, kwa Windows yenyewe au kwa programu ndogo ya bure iitwayo ImgBurn.

Nitazipima kwa mambo matano: kama deki itaisoma diski, picha za mnato zinatokaje, menyu, kompyuta na umeme wetu, na gharama. Hayana uzito sawa. Deki ikikataa, mengine yote hayana kazi.

Deki inataka nini

Deki ya kawaida haijui mafaili ya simu. Inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake inataka video ya aina ya MPEG-2, kwa vipimo ilivyozoea. Kwa mfumo wa PAL, ambao ndio wetu Tanzania, picha ina nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. Simu inarekodi MP4 yenye H.264, ambayo ni namna ya kubana video, na simu nyingi mpya hurekodi H.265. Kwa deki ya zamani hiyo ni lugha ngeni.

Kwa hiyo programu ya DVD ina kazi tatu: kugeuza video iwe MPEG-2, kupanga menyu, kisha kuchoma. DVDStyler, Nero Video na Windows DVD Maker zinafanya zote tatu. Ukichoma mafaili kama yalivyo, umefanya ya tatu peke yake.

DVDStyler inakuuliza PAL au NTSC (mfumo wa Marekani) mara tu unapoanza kazi mpya, pamoja na umbo la skrini, 4:3 ya TV ya chogo au 16:9 ya flati. Napenda ilivyoliweka swali hilo mlangoni, maana huwezi kulisahau. Nero Video nayo ina uchaguzi huo, kwenye mipangilio ya kazi. Windows DVD Maker inao pia, ila umefichwa nyuma ya kitufe cha mipangilio na wengi hawafiki huko. Kama ndugu wako Muscat au London, PAL ndiyo yao vilevile. Walioko Marekani wachomee NTSC, kwa sababu deki nyingi za kule hazikubali PAL. Deki nyingi zinazouzwa kwetu zinakubali zote mbili, lakini TV ya chogo ya zamani ikipewa NTSC inaweza kukuonyesha harusi nzima bila rangi.

Sasa njia ya nne na lile swali langu. Ukiweka diski tupu, Windows inauliza unataka kuitumiaje: kama flashi, au kwenye deki ya CD na DVD. Ukijibu "kama flashi", unapata diski ambayo unaweza kuongeza na kufuta mafaili, lakini deki nyingi hazitaisoma kabisa. Ndilo jibu nililotoa mimi. Ukijibu la pili, deki nyingi zitafungua picha za JPEG na nyimbo za MP3, na baadhi zitafungua video za zamani za AVI. Video za MP4 za simu zitabaki zimelala humo humo. Kwa hiyo hata ningejibu sawasawa siku ile, mama mkubwa angeona picha za mnato tu, si video ya dua.

Jambo jingine la deki lisilotegemea programu: nunua DVD-R ya kawaida ya GB 4.7. Zile za tabaka mbili, za GB 8.5, na zile za kufutika, zinasumbua deki za zamani. Na usichome kwa kasi ya juu kabisa. Mara 4 au mara 8 inatosha. Njia zote nne zimepona matatizo mengi kwangu kwa hatua hiyo moja.

Picha za mnato

Picha ya simu ya kawaida ina megapikseli 12. Ikishaingia kwenye onyesho la picha la DVD inabaki na nukta 720 kwa 576, yaani chini ya nusu megapikseli. Kwenye TV ya chogo haina neno, itaonekana safi. Lakini mjukuu akitaka baadaye kuitoa hiyo picha kwenye DVD aende kuisafisha kwa ukubwa wa ukutani, atapata ukungu. Programu zote tatu zina udhaifu huu, kwa kuwa ni sheria ya DVD yenyewe.

Nero Video ndiyo yenye maonyesho mazuri zaidi: picha zinasogea taratibu, zinakaribia na kuachia nafasi kwa nyingine, na wimbo unaingia chini yake. Windows DVD Maker inashangaza kwa programu ya bure ya zama zile. Unaiwekea picha 150 na nyimbo mbili, unaiambia ilinganishe muda wa picha na muda wa muziki, inapiga hesabu yenyewe. DVDStyler ni kavu zaidi: unapanga picha, unaweka sekunde, unaongeza sauti, basi. Mimi huweka sekunde 5 kwa kila picha. Picha 200 zinakuwa kama dakika 17, na wazee hawachoki.

Kuchoma mafaili kama yalivyo ndiyo njia pekee kati ya hizi inayobakiza picha katika ukubwa wake wote. Hapo inashinda zote, wala haikaribiwi.

Kuna namna ya kupata faida zote mbili, na ndiyo ninayoitumia siku hizi. Natengeneza DVD kwa DVDStyler, lakini siiruhusu ichome; naiambia iache folda kwenye kompyuta. Kisha nafungua ImgBurn, nachukua folda ya VIDEO_TS, naweka pembeni yake folda nyingine niliyoiita PICHA HALISI, nachoma vyote katika diski moja. Deki inacheza onyesho lake na kuipita ile folda. Mwenye kompyuta anaifungua na kukuta picha zote, kamili. Ukifanya hivi, gawa nafasi mapema: GB 3 za video, GB 1 na ushee za picha. Na jaribu kwanza kwenye deki yako kabla ya kuchoma kumi za ukoo.

Angalizo la picha zenyewe: usizichukue kwenye WhatsApp kama aliyezipiga yupo. WhatsApp inazipunguza. Mwombe akupe kwa flashi, au azitume kama dokumenti. Na picha za iPhone zinaweza kuja katika muundo wa HEIC. Zigeuze ziwe JPEG kabla hujaanza, usisubiri programu ikugomee saa sita usiku.

Menyu

Hapa watu hutofautiana kwa mapenzi yao. Nero ina violezo vingi vya kisasa. Windows DVD Maker ina mitindo michache iliyopangwa tayari. Unabadilisha maandishi na fonti, lakini vitufe vinabaki palepale walipoviweka wao. DVDStyler ina violezo vinavyoonekana vya kizamani, ila inakupa uhuru ambao zile mbili hazikupi kirahisi: unaweka picha yako mwenyewe nyuma, unakokota kila kitufe unapotaka, unaandika "Sendofu", "Kanisani", "Ukumbini" kwa maandishi makubwa. Njia ya nne haina menyu. Mtazamaji anakutana na orodha ya majina kama IMG_20231209, na mzee wa miaka 70 hatajua aanzie wapi.

Ukitumia yoyote kati ya hizi tatu, acha pembe za skrini wazi. TV ya chogo inakata kingo za picha, na kitufe ulichokiweka ukingoni kitapotea. Tumia vitufe vichache. Mama mkubwa anajua mshale wa chini na kitufe cha katikati, hivyo menyu yangu ina mistari mitatu tu.

Kompyuta na umeme

DVDStyler inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nero ni ya Windows tu. Windows DVD Maker ilikuwemo kwenye Windows 7 Home Premium, Professional na Ultimate, si kwenye Starter wala Home Basic, na Microsoft waliiondoa kuanzia Windows 8. Windows 7 yenyewe iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, kwa hiyo kompyuta hiyo iache iwe ya kuchoma diski tu, usiiunganishe intaneti wala usifungulie benki humo. Katika nyumba nyingi ipo moja ya hivyo, imefunikwa kitambaa mezani, na deki yake ya kuandikia bado nzima. Laptopu mpya nyingi hazina hata tundu la diski, utahitaji mashine ya kuchomea ya nje yenye waya wa USB.

Kwa video za simu mpya, DVDStyler inameza karibu kila aina, H.265 ikiwemo. Windows 7 haiijui H.265, hivyo Windows DVD Maker itakulazimisha uzigeuze kwanza kwa HandBrake au programu nyingine. Nero mpya haina shida hapo.

Na umeme. Kugeuza saa mbili za video kwenye kompyuta ya zamani kunaweza kuchukua jioni nzima. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, katikati ya kuchoma, diski ile imekufa, haichomeki tena. Kinachotofautisha programu ni unachobakiwa nacho. DVDStyler inaweza kutoa faili moja la ISO, ambalo ni diski nzima ikiwa imekaa kwenye kompyuta; umeme ukirudi unachoma tu, dakika kumi na tano umemaliza. Nero nayo inaweza kuandika kwenye folda au faili badala ya diski. Windows DVD Maker haina njia hiyo: inageuza na kuchoma kwa mkupuo mmoja, na ikikatizwa unaanza upya. Ukitaka nakala nane za ndugu wanane, tofauti hii utaihisi mgongoni. ISO moja unaichoma mara nane, na ImgBurn inakagua kila diski baada ya kuichoma, ikikuambia kama ilichoandika ndicho kilichosomeka. Ukaguzi huo usiuruke, hasa kwa diski za bei ya chini za Kariakoo zinazouzwa kwa mafungu bila jina.

Gharama

DVDStyler na ImgBurn ni bure. Zipakue kwenye tovuti zao wenyewe, na wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa, uondoe alama kwenye chochote usichokiomba. Programu za bure hupenda kubeba wageni. Windows DVD Maker huilipii kama Windows 7 unayo tayari. Nero inalipiwa mtandaoni kwa fedha za kigeni na kadi inayokubali malipo ya nje, na ni kifurushi kizito, hivyo hesabu na bando.

Najua kuna Nero zinazogawiwa kwa flashi zikiwa zimevunjwa kufuli. Nakusihi uachane nazo. Kompyuta hiyo ndiyo yenye picha zote za marehemu wenu na watoto wenu, na mlango wa virusi usiufungulie hapo.

Nani achukue ipi

Kama una tukio moja tu, mwali mmoja, kipaimara kimoja, na mezani kuna Windows 7 nzima, fungua Windows DVD Maker. Jioni moja utamaliza bila kupakua kitu. Hakikisha video zote ni za H.264 au za zamani zaidi, na LUKU ina yuniti za kutosha.

Kama ndugu ni wengi na wametawanyika, Korogwe, Mtwara, Muscat, na wewe ndiye unayetegemewa kila mwaka, jifunze DVDStyler pamoja na ImgBurn. Siku mbili za kwanza zitakuudhi kidogo kwa sura yake. Baada ya hapo unakuwa na faili la ISO la kila tukio, na shangazi akisema diski yake imekwaruzwa na watoto, unamchomea nyingine wakati chai inachemka. Mwenye Mac au Linux naye aanzie kwa DVDStyler, ila ImgBurn ni ya Windows, hivyo ISO yake aichome kwa programu nyingine.

Kama unapiga picha na video za sherehe kwa malipo, au unataka kukata vipande, kuweka maandishi, kusogeza picha na kupanga muziki mahali pamoja, Nero inarudisha gharama yake. Mteja wa sendofu anaangalia menyu kabla hajaangalia video. Ila kwa familia inayochoma diski moja kila mwaka mpya, sioni sababu ya kulipa.

Kama unayempelekea ana flati yenye tundu la USB, fikiria kama anahitaji DVD hata kidogo. Flashi yenye mafaili ya MP4 na JPEG itampa picha safi kuliko DVD yoyote. Iandae (format) kwa mfumo wa FAT32, ambao TV nyingi zinausoma, na ukumbuke kwamba faili moja humo halizidi GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi ikate vipande. Tundu la USB la kwenye deki ni jambo jingine; mengi yanasoma JPEG, MP3 na AVI tu.

Kama lengo lako ni kuhifadhi, si kutazama, choma mafaili kama yalivyo, kwa jibu la "deki ya CD na DVD", nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. Zitunze kabatini ndani ya vifuko vyake, mbali na dirisha. Joto na hewa ya chumvi ya Dar haviihurumii diski. Andika juu yake kwa kalamu ya CD, usibandike karatasi. Na picha hizohizo zikae pia kwenye hard disk ya nje, kwa kuwa hakuna diski ya kuchoma ninayoiamini peke yake kwa miaka ishirini.

Na kama hujui nyumbani kwa mtazamaji kuna chombo gani, piga simu kabla hujawasha kompyuta. Muulize TV ina chogo au ni bapa, deki ni ya jina gani, ina tundu la USB au haina, na CD ya mwisho kucheza vizuri ilikuwa ipi. Nilipomchomea mama mkubwa diski ya pili nilimuuliza hayo. Nikaitengeneza kwa DVDStyler, PAL, 4:3, nikaijaribu kwenye deki ya jirani yangu Tandika yenye umri kama wa deki yake, ndipo nikaipeleka stendi. Alipiga simu saa tatu usiku. Nyuma ya sauti yake nilisikia dua ya babu ikiendelea.